JIKONI KWETU: Mama wa Gatsata na Sufuria Isiyohitaji Mlinzi

Mwezi uliopita tuliongea juu ya kupanda lengalenga kwenye gunia. Baada ya hapo swali moja limetufikia zaidi ya mara tatu, kutoka vijiji mbalimbali vya kambi: "Walimu, mboga tumepanda, imeota. Sasa tutaipikia nini?"

Swali hilo si la mchezo. Tunaongea kila siku juu ya chakula, tunasahau kwamba chakula bila moto hakiliki. Wote tunakumbuka Machi 2021, PAM ilipokosa fedha ikapunguza msaada wa chakula kwa wakimbizi wa Rwanda kwa asilimia 60. Na kabla ya hapo, mwanzoni mwa 2018, msaada ulishuka kwa robo. Siku zile kila nyumba ilijionea jambo moja: chakula kinaweza kupunguzwa, lakini moto haupungui. Kilo ya maharagi inataka moto ule ule, uwe na pesa au usiwe nazo. Basi mama anachukua pesa ya chakula ananunua makaa, au makala kama wengi wetu tunavyosema, na sahani inazidi kuwa ndogo.

Ndiyo maana mwezi huu tumewaletea habari za mama mmoja wa Gatsata, mjini Kigali. Tulikwenda kwake walimu wawili, tukakaa naye siku nzima, tukala kwake, tukaandika. Yeye si injinia, hana cheti cha ufundi. Ni mpishi mwenye kichwa kisichotulia.

GATSATA NI WAPI?

Sisi tuliokulia Gihembe, kule Byumba, kabla kambi ile haijafungwa mwaka 2021 na watu kuletwa huku Mahama, tunaijua Gatsata kupitia dirisha la basi. Ukishuka kutoka Gicumbi kwenda Kigali, kabla kidogo ya kufika kituo kikubwa cha mabasi cha Nyabugogo, unapita hapo. Ni sehemu ya wilaya ya Gasabo. Upande mmoja ni mlima wenye nyumba zilizobanana, upande mwingine ni bonde la mto Nyabugogo. Kwa miaka mingi jina la Gatsata limeenda pamoja na magereji, mafundi wa kuchomelea na maduka ya vipuri. Watu wa Kigali hutania kwamba gari likipotea kioo, kioo kitaonekana Gatsata.

Mama wetu ni Mkongomani mwenzetu, mtu mzima wa karibu miaka 50. Tulipomuuliza kama tuandike jina lake alicheka: "Andikeni maharagi, jina liacheni." Kazi yake ni kuwapikia mafundi chakula cha mchana: maharagi kila siku, ugali wa kaunga, ndizi, na sombe mara mbili kwa wiki. Mafundi ni watu wa njaa kubwa na saa chache. Saa sita ikigonga wanataka sahani, si maelezo.

Alipoanza biashara hiyo alikuwa anapikia jiko la bati jembamba, lile la bei rahisi. Jioni akihesabu faranga zake, sehemu kubwa ilikuwa imekwenda kwa muuza makaa. "Nilikuwa nafanya kazi ya muuza makaa," alituambia. "Mimi napika, yeye anakula."

Kulikuwa na hasara nyingine iliyomuuma zaidi. Maharagi yanachukua asubuhi nzima, na yeye asubuhi lazima aende sokoni. Nani abaki na sufuria? Alibaki binti yake wa darasa la sita. Siku mbili au tatu kila wiki mtoto alifika shule saa nne, nguo zinanuka moshi. Sisi walimu tunawajua watoto wa namna hiyo. Hata hapa Mahama tunao, na karibu wote ni wasichana.

Basi mama akaanza kutafuta njia.

RIMU YA GARI

Ukiishi Gatsata, chuma ndicho kilicho karibu. Fundi mmoja alimpa rimu kuukuu ya gari (wengine mnasema janti), akaichomelea miguu mitatu na vyuma vya kushikilia sufuria. Jiko zito, imara, halianguki hata ukisonga ugali wa watu ishirini. Mama akafurahi sana.

Furaha ilidumu wiki moja. Rimu ni chuma kinene, na chuma kinene lazima chenyewe kipate moto kwanza kabla ya kuupa sufuria. Kwa maharagi ya saa tatu halikuwa baya. Kwa chai ya asubuhi ilikuwa hasara tupu: makaa yanaisha, rimu imepata moto, maji bado baridi. Tena matundu yake ni makubwa, upepo wa bondeni unaingia unavyotaka, makaa yanawaka kama tanuru la mhunzi.

Rimu hakuitupa. Mpaka leo anaitumia akipikia harusi au msiba. Lakini alijifunza kuuliza swali moja kwa kila jiko: moto huu unakwenda wapi? Kwenye sufuria, kwenye chuma, au kwa majirani?

UDONGO ULIOPASUKA

Jaribio la pili lilikuwa kuziba ndani ya jiko la bati kwa udongo, ili joto lisitoke ubavuni.

Wazo hilo lina historia ndefu katika nchi zetu. Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa Nairobi juu ya vyanzo vipya vya nishati. Miaka iliyofuata, wataalamu na mafundi wa Kenya walichukua mfano wa jiko la ndoo la Thailand, wakauunganisha na jiko la bati la Kenya. Ndipo likapatikana lile jiko tunalolijua wote: juu pana, kiuno chembamba, chini pana tena ili lisiyumbe, na ndani yake kikombe cha udongo uliochomwa. Mafundi wa jua kali wakalifanya biashara, likavuka mipaka kwenda Uganda, Tanzania, na huku Rwanda pia. Hapa majiko ya kubana matumizi tunayaita rondereza, kutoka neno la Kinyarwanda kurondereza, yaani kutumia kitu kwa kukibana kisiishe haraka.

Faida yake inaonekana kwa hesabu. Jiko la bati tupu hupeleka kwenye sufuria sehemu ndogo tu ya joto la makaa, tuseme kama moja ya tano, au hata chini ya hapo. Jiko lenye kikombe cha udongo, likitengenezwa vizuri, linaweza kufika robo hadi theluthi. Na tukumbuke kwamba makaa yenyewe yalikuwa miti. Katika tanuru la kienyeji, kilo moja ya makaa hula kilo 6 hadi 10 za kuni. Kwa hiyo kila kilo tunayookoa jikoni, ni mzigo mzima wa kuni unaobaki msituni.

Mama alichukua udongo wa bondeni, akaupaka ndani ya jiko lake, akaliweka juani. Kesho yake udongo ulikuwa na nyufa kama kisigino cha mkulima. Akarudia, ukapasuka tena. Mara ya tatu alichanganya udongo na nyasi zilizokatwa ndogo ndogo na majivu kidogo, akaupaka kwa unene wa vidole viwili, akauacha kivulini wiki nzima akiufunika kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili za kwanza. Halafu akawasha moto mdogo, kesho yake mkubwa kidogo, mpaka udongo ukazoea. Huo haukupasuka.

"Udongo ni kama mtoto mchanga," alisema. "Haupelekwi juani siku ya kwanza."

UNGA WA MBAO NA OILI CHAFU

Mlima wa pili kutoka Gatsata ni Gisozi, ambako kuna Agakiriro, soko la mafundi seremala. Huko unga wa mbao ni takataka. Mama akasikia kwamba kuna jiko linalotumia unga huo, akaenda na magunia mawili.

Jiko hilo ni rahisi. Unachukua kopo kubwa la chuma, unatoboa tundu moja ubavuni, chini kabisa. Unasimamisha chupa katikati ya kopo, na kijiti kinene kinapita kwenye tundu la chini mpaka kiguse chupa. Kisha unashindilia unga mkavu kuzunguka chupa, kwa nguvu, mpaka kopo lijae. Ukichomoa chupa na kijiti polepole, inabaki njia ya hewa kutoka chini mpaka juu. Unawasha kwa chini na vijiti vidogo, na unga unaungua taratibu kutoka ndani kwenda nje, saa kadhaa bila kuongezwa kitu.

Lilifanya kazi. Moshi wakati wa kuwasha ni mwingi, kwa hiyo ni jiko la nje tu. Lakini kijana mmoja wa gereji, kwa nia njema kabisa, akamshauri aongeze oili chafu ya injini ili moto uwe mkali. Moto ulikuwa mkali kweli! Moshi mweusi ulipanda, majirani wakatoka nje na ndoo za maji, na maharagi ya siku hiyo yalikuwa na harufu ya gereji. Fundi mmoja alionja kijiko kimoja akasema, "Mama, leo umetupikia gari."

Siku ile hakuuza hata sahani kumi. Tangu hapo oili chafu haikaribii jiko lake, na sisi tunawaambia vilevile: moshi wa oili, plastiki na mbao zilizopakwa rangi ni sumu kwenye mapafu na kwenye chakula.

MFUNIKO ULIOFIKA DARINI

Hapa lazima tufundishe kidogo. Kigali iko juu ya usawa wa bahari kwa karibu mita 1,500. Kadiri unavyopanda juu, ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo. Mombasa au Dar es Salaam maji huchemka kwa nyuzi 100, Kigali kwa karibu nyuzi 95. Nyuzi tano zinaonekana si kitu, lakini muulize anayepika maharagi. Kuongeza makaa hakusaidii, kwa sababu maji yakishachemka hayapandi tena joto, yanageuka mvuke tu na kwenda zake. Sufuria ya kubana mvuke, ile yenye mpira na valvu, huzuia mvuke usitoke, joto ndani likapanda mpaka karibu nyuzi 120. Ndiyo maana inaivisha haraka.

Mama hakuwa na pesa ya sufuria hiyo. Akachukua sufuria ya kawaida, akaziba ukingo wa mfuniko kwa donge la unga, akaweka juu yake chuma kizito cha gari. Mnaona tunakokwenda.

Kishindo kilisikika mpaka barabarani. Mfuniko uligonga mabati ya dari, maharagi yakabaki ukutani, na chuma kikaanguka pale ambapo yeye alikuwa amesimama dakika moja kabla. Alikuwa ametoka kuitikia mteja. "Mteja yule nilimpa sahani ya bure mwezi mzima," alisema, na hapo hakucheka.

Wapendwa, tunaandika jambo hili wazi kwa sababu tunajua kuna wanaolijaribu. Sufuria ya kubana mvuke ina valvu ya kuuachia mvuke unapozidi. Sufuria yako haina. Jiwe dogo la kutuliza mfuniko si tatizo, lakini usizibe kamwe.

KIKAPU

Jaribio lililobaki ndilo rahisi kuliko yote. Siku moja mama alikuwa anaangalia viti kuukuu vya gari vilivyotupwa nje ya gereji, sponji zimetoka nje. Akajiuliza: sponji hii inamlinda mtu na baridi ya chuma. Kwa nini isilinde sufuria?

Akachukua kikapu kikubwa, akaweka sponji chini na pembeni, akaifunika yote kwa kitambaa cha gunia kilichoshonwa, akatengeneza mto mnene wa kufunika juu. Akachemsha maharagi, akayatoa motoni yakiwa yanatokota, akaitumbukiza sufuria na mfuniko wake ndani ya kikapu, akaweka mto juu, akaenda sokoni. Aliporudi baada ya saa nne, sufuria ilikuwa bado inachoma mkono, na maharagi yalikuwa yameiva. Hakukuwa na moto wowote.

Kumbe maharagi hayahitaji moto asubuhi nzima, yanahitaji joto. Moto tunauongeza saa zote kwa sababu sufuria inapoteza joto saa zote, pembeni, juu, kila mahali. Ukilizuia joto lisitoke, lile ulilokwisha kulinunua linamaliza kazi.

Mama alidhani amegundua peke yake, nasi hatukutaka kumharibia furaha. Lakini watu wa Ulaya walikuwa na sanduku la nyasi kavu wakati wa vita kuu za dunia, makaa yalipokuwa haba. Na mwaka 2008 Sarah Collins wa Afrika Kusini alianzisha mfuko mnene wa kitambaa uitwao Wonderbag, wenye kazi hiyo hiyo. Tulipomweleza, mama alifikiri kidogo akasema: "Basi shida ni moja kila mahali."

Sasa sikilizeni lililotufurahisha sisi walimu. Kikapu hakihitaji mlinzi. Hakiungui, hakimwagiki, hakitaki kuongezwa maji. Asubuhi mama anawasha jiko mapema, anachemsha, anafunika, anaenda sokoni. Na yule binti wa darasa la sita anaenda shule saa ile ile wenzake wanapokwenda. Tulimuuliza mtoto mwenyewe anakionaje kikapu. Akasema somo la kwanza asubuhi huwa ni hesabu, na zamani alikuwa anazikuta zimeshafutwa ubaoni.

FANYA HIVI NYUMBANI

Huku kambini si lazima upate sponji ya gari. Blanketi kuukuu, nguo zilizochakaa, nyasi kavu, majani makavu ya migomba, maganda ya mahindi, vyote vinafaa. La muhimu ni unene wa angalau vidole vinne kila upande, na kitu kiwe kikavu. Ukitumia kikapu, ndoo au katoni, ni sawa. Wenye gesi pia kikapu ni chenu: mtungi utachelewa kuisha.

1. Loweka maharagi usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, weka mengine safi.
2. Chemsha yatokote kwa nguvu dakika 30 kamili, mfuniko ukiwa juu. Usipunguze dakika hizi. Maharagi mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu inayoumiza tumbo na kutapisha, na joto la vuguvugu haliiondoi. Ni mchemko wa nguvu tu unaoiondoa.
3. Sufuria iwe imejaa vizuri. Sufuria yenye chakula kidogo hupoa haraka.
4. Pangusa masizi na hakikisha hakuna kaa lililonasa chini. Kisha ingiza kikapuni haraka bila kufungua mfuniko, weka mto juu.
5. Acha saa nne au tano. Usichungulie! Kila ukifungua unalipa joto.
6. Rudisha motoni, weka kitunguu, mafuta na chumvi, vitokote tena dakika 15. Kama bado magumu, ongeza dakika.

Mchele unahitaji kuchemka dakika tano tu, kisha saa moja kikapuni. Viazi na ndizi ni hivyo hivyo, dakika kumi kisha saa moja na nusu. Sombe msiipeleke kikapuni kwa haraka. Majani ya muhogo yana sumu yake, lazima yatwangwe vizuri na kuchemshwa kwa muda mrefu mfuniko ukiwa wazi ili sumu itoke na mvuke. Na kama ukifungua kikapu ukakuta chakula ni vuguvugu tu, hasa chenye nyama, hapo joto halikutosha na vijidudu vimepata nafasi. Ukiona kimekaa hivyo saa nyingi, usimpe mtoto.

VUMBI LA MAKAA

Chini ya kila gunia la makaa linabaki vumbi, na wengi tunalitupa. Mama halitupi. Analichekecha, anachanganya vikombe 8 vya vumbi na kikombe kimoja au kimoja na nusu cha udongo mfinyanzi, anaongeza maji mpaka liwe kama donge la ugali mgumu, anafinyanga mipira ya ukubwa wa yai. Anaianika siku tano au zaidi mpaka ikauke ndani kabisa. Inachelewa kushika moto, kwa hiyo anaiweka juu ya makaa yanayowaka. Ikishashika, haina haraka.

Wengine hushikiza vumbi kwa uji wa muhogo. Mama hataki kusikia. "Unga ni wa kula," alisema, akafunga mjadala.

MAMBO YA KUOGOPA

Usilale na jiko la makaa ndani ya nyumba, hata makaa yakiwa karibu kuzima, hata baridi ikiwa kali. Hewa yake haina rangi wala harufu, na mtu hupitiwa na usingizi asiamke. Kila mwaka mahali fulani familia inapotea hivyo.

Ukitaka jiko la bati, usitumie mabati ya dari yenye rangi ya fedha inayong'aa. Yamepakwa zinki, na yakipata moto mkali yanatoa mvuke mbaya kwa mapafu. Kopo la rangi lichomwe kwanza nje, mbali na watoto, mpaka rangi yote iishe.

Sponji inaungua haraka sana. Kikapu kikae mbali na jiko.

Magadi yanalainisha maharagi, ni kweli, lakini yanaua baadhi ya vitamini. Kuloweka ni bora, tena ni bure.

KAZI YA NYUMBANI

Wanafunzi, hii ni yenu, mfanye na wazazi. Tuseme nyumba yenu inatumia mikebe 3 ya makaa kwa siku. Mkitumia kikapu na jiko la udongo mkaokoa mkebe mmoja kwa siku, ni mikebe mingapi kwa mwezi wa siku 30? Zidisheni kwa bei ya mkebe hapo kwenu. Halafu mwulizeni mama: faranga hizo zinanunua maharagi kilo ngapi? Au madaftari mangapi? Leteni majibu darasani. Hatutasahihisha kwa kalamu nyekundu, kwa sababu kila nyumba ina jibu lake.

Akina baba, na ninyi mmo. Kushona mto ni kazi ya mama au ya fundi cherehani, lakini kupaka jiko udongo na kuchekecha vumbi hakuna sheria inayowakataza. Tulipokuwa Gatsata tuliona wanaume wenye mikono myeusi kwa grisi wakimsaidia mama kubeba kikapu chake kwa uangalifu kama wamebeba betri mpya. Walijua mchana wao umo humo ndani.

Kabla hatujaondoka tulimuuliza mama sasa anajaribu nini. Akatuonyesha kipande cha bomba la ekzosi alichoegemeza ukutani. Anataka kukifanya dohani ya kutoa moshi jikoni. Bado kinavuja sehemu mbili. Tutawaletea habari kikikubali.

Na wewe msomaji, kama una ujanja wako wa jikoni, uliokubali au uliokataa, uandike kwenye karatasi au mtume mtoto aje kutusimulia shuleni. Tunapenda sana yale yaliyokataa, yanafundisha. Mwezi ujao tutaongea juu ya kuhifadhi ndagala wakati wa mvua bila kuwapa paka sikukuu.

Mpaka hapo, lowekeni maharagi mapema, na watoto wawahi shule. Kwaherini.